Picha za Kikundi: Zitoke kwa Kamera Zifike kwa Kompyuta Zikiwa Salama

Katika toleo hili tumeweka kando kidogo mambo ya miche na mbuzi wa maziwa, ili tuzungumze juu ya jambo ambalo vikundi vimetuuliza: picha zilizo ndani ya kamera tunazitoaje, tunaziweka wapi, na mbona zinapotea?

Siku hizi ni vigumu kupata kikundi ambacho hakina mtu wa kupiga picha. Chemchemi ikikingwa, picha. Mizinga ikining'inizwa, picha. Wachongaji wa Tabaka wakimaliza kazi ya mawe, wanapiga picha wamtumie mnunuzi aliye mbali. Lakini uliza picha za mwaka juzi ziko wapi. Hapo sasa utasikia: "Zilikuwa kwa kadi." "Kadi ilikuwa na katibu wa zamani." "Tulipeleka saiba, kijana akatuambia haioni kitu."

Mtu anaweza kusema, si ni picha tu? Hapana. Ukikinga chemchemi, ile picha ya "kabla", ya tope ambalo watu na ng'ombe walichota pamoja, hairudiwi. Saruji ikishakauka na bomba likitoa maji, huwezi kurudisha tope ili upige tena. Mfadhili anataka kuona kabla na baada, na bila "kabla" ripoti yako ni maneno matupu. Tena yuko mzee aliyekubali watu wapite kwa shamba lake kwenda majini. Siku aliyotia sahihi mbele ya naibu wa chifu mlipiga picha. Mzee akifariki na watoto wake waanze kuuliza nani alisema watu wapite hapa, picha ile si pambo la ukutani. Inasimama pamoja na karatasi kama shahidi.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kishike neno hili: picha haijahama mpaka iwe imekaa sehemu mbili, na mtu awe ameifungua akaiona kwa macho yake. Kabla ya hapo, kadi isifutwe.

NDANI YA KADI KUNA NINI

Wale waliotumia kamera za filamu wanakumbuka negativu. Ukiinua juani, unaona sura za watu, hata kama stima imepotea wiki nzima. Filamu ilivumilia mengi. Yuko mpiga picha Mkenya aliyeitwa Priya Ramrakha, aliyezaliwa mwaka 1935, ambaye picha zake zilitoka katika magazeti makubwa ya Marekani kama Time na Life. Aliuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968. Picha zake nyingi zilikaa muda wa karibu miaka 40 katika gereji moja mjini Nairobi, kisha zikapatikana, na mwaka 2018 zikatolewa kitabu. Miaka 40 kwa gereji! Memori kadi ukiiacha kwa gereji muda huo, usitegemee kukuta kitu. Kadi hii haina picha ya kuonekana kwa macho. Ina chembe za umeme zilizofungiwa ndani, na bila kutumika umeme huo huvuja polepole miaka ikipita. Kadi ni ya kubebea picha. Si sanduku la kuziwekea.

Aina inayotumika zaidi kwa kamera inaitwa SD, nayo ilianza mwaka 1999. Ile ndogo kama ukucha, inayoingia kwa simu, ni microSD, na ina kifuniko chake cha plastiki cha kuifanya iwe na ukubwa wa SD.

Ili muelewe hatari zilizopo, fikirini stoo ya kikundi. Ndani kuna magunia, na mlangoni kuna daftari linaloonyesha gunia la nani liko kona gani. Kadi iko hivyohivyo. Picha ndizo magunia. Daftari ni orodha ndogo ambayo kamera na kompyuta husoma kwanza ili zijue picha gani iko wapi. Mambo mengi yanayoitwa "picha zimepotea" si magunia yaliyoibwa. Ni daftari lililochafuka. Ukichomoa kadi wakati kamera au kompyuta inaandika, umemnyang'anya karani kalamu akiwa katikati ya mstari. Magunia yapo, lakini hakuna anayejua ni ya nani. Tutarudi kwa stoo hii mara kadhaa.

KABLA YA KUTOA KADI

Zima kamera. Subiri taa ndogo iliyo karibu na mlango wa kadi iache kumetameta, ndipo ufungue. Angalia betri pia. Kamera ikizimika katikati ya kuandika kwa sababu betri imeisha, ni sawa na kuchomoa kadi.

Kadi ya SD ina kidude kidogo ubavuni, upande wa kushoto ukiitazama mbele. Kisukume chini kuelekea neno "Lock". Kazi yake ni kuambia kompyuta: soma, lakini usiandike wala usifute. Ni ulinzi mzuri hasa ukienda saiba, kwa sababu virusi navyo ni maandishi, na kadi iliyofungwa haipokei maandishi. Hata hivyo kidude hiki si kufuli la benki. Kinategemea mashine inayosoma kadi ikiheshimu, na kuna vile visomeo vya bei ya chini visivyojali. Microsd yenyewe haina kidude hiki, lakini kifuniko chake kinacho. Mkirudisha kadi kwa kamera, kumbukeni kukipandisha juu, la sivyo kamera itakataa kupiga na mtadhani imeharibika.

Kwa ndugu zetu wa Tabaka na wengine wanaofanya kazi ya mawe tuna neno la ziada. Ule unga mweupe unaingia kila mahali. Msifungue mlango wa kadi pale mnapochonga. Ingieni nyumbani, futeni mikono, na kadi ikitoka iwekwe kwa kikasha chake, isiingie kwa mfuko wa shati pamoja na sarafu. Zile sahani ndogo za rangi ya dhahabu nyuma ya kadi zisiguswe kwa vidole.

WAYA AU KISOMEO?

Kuna njia mbili za kuunganisha. Ya kwanza ni waya wa USB kutoka kwa kamera hadi kompyuta. Ya pili ni kutoa kadi na kuichomeka kwa kompyuta yenyewe kama ina tundu lake, au kwa kisomeo, kile kidude wanachokiita kadi rida. Zote zinafaa. Sisi tunapendelea kisomeo, kwa sababu kamera kwa waya inatumia betri yake, na betri ikizimika katikati mmerudi pale pale. Kisomeo kinachukua umeme wa kompyuta.

Na kompyuta nayo inachukua umeme wapi? Hapa kwetu swali hili lina uzito. Mvua ya Kisii na Nyamira inazidi milimita 1500 kwa mwaka, na radi zake tunazijua sisi wenyewe. Mawingu yakijikusanya alasiri, achaneni na kazi ya picha kwa kompyuta ya mezani. Fanyeni asubuhi, au tumieni kompyuta ya kubeba yenye betri iliyojaa, ikiwa imechomolewa kwa ukuta. Stima ikipotea, yenyewe inaendelea. Kazi hii haichukui siku nzima: picha moja ya kawaida ni kama megabaiti 5, kwa hivyo picha 200 ni gigabaiti moja, na hizo zinahama kwa dakika moja hadi tatu kwa vifaa vya kawaida.

KUNAKILI, SI KUKATA

Kadi ikichomekwa, kompyuta itaionyesha kama diski nyingine. Ifungue. Ndani utaona folda inayoitwa DCIM. Karibu kamera zote duniani zinatumia jina hilo, ziwe za Canon, Nikon au Sony. Ndani ya DCIM kuna folda nyingine yenye namba, kama 100 na jina la kampuni, na humo ndimo picha zilimo. Zinaweza kuwa folda mbili au tatu, 100, 101, 102. Hapa watu wengi hukosea: wanachukua ya kwanza na kuacha zingine, kisha wanafuta kadi. Chukua folda yote ya DCIM.

Sasa tusikilizane. Kompyuta inakupa maneno mawili yanayofanana kwa kazi: "Copy" na "Cut". La kwanza ni kunakili, yaani picha inabaki kwa kadi na nakala yake inaenda kwa kompyuta. La pili ni kukata, yaani kompyuta inapeleka picha na kuifuta kwa kadi papo hapo. Msitumie kukata. Wenye haraka wanakupenda, tunajua, maana kadi inabaki tupu na kazi inaonekana imeisha. Lakini ukikata, kompyuta inalazimika kuandika kwa lile daftari la mlangoni ikifuta picha moja baada ya nyingine, na stima ikipotea au mtoto akigonga kisomeo, daftari linachafuka. Jambo baya zaidi, picha ya asili inaondoka kabla hujajua kama ile nakala ni nzima.

Basi nakili. Lakini kabla ya kuweka, tengeneza folda mpya kwa kompyuta na uipe jina lenye tarehe, ukianza na mwaka: 2024-03-16 Chemchemi. Ukianza na mwaka, kompyuta yenyewe itazipanga kwa mfuatano miaka na miaka. Ukianza na siku, picha za tarehe 16 za miezi yote zitarundikana pamoja, na mkutano wa Machi utakaa kando ya mazishi ya Agosti.

Folda mpya kila safari ina sababu nyingine kubwa. Kamera huita picha kwa namba tu, IMG_0001, IMG_0002, na ikifika 9999 inarudi 0001. Kamera nyingine zinaanza upya kila kadi ikisafishwa. Kwa hiyo picha ya leo na ya mwaka jana zinaweza kuwa na jina moja. Ukiziweka kwa folda moja kompyuta itakuuliza: faili yenye jina hili ipo, niibadilishe? Mtu asiyesoma vizuri anabonyeza ndiyo. Kwa kubonyeza mara moja tu, picha za mwaka jana zimefunikwa na za leo, na hakuna aliyegundua. Swali hilo likitokea, sema hapana, simamisha kazi, utengeneze folda nyingine.

KAGUENI KABLA YA KUSHANGILIA

Kompyuta ikimaliza kunakili, msichomoe kadi. Bado. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda iliyo kwa kadi, chagua neno "Properties", uangalie idadi ya faili na ukubwa wake. Fanya vivyo hivyo kwa folda iliyo kwa kompyuta. Ikiwa kwa kadi kuna faili 214 na kwa kompyuta kuna 214, na ukubwa kwa baiti ni ule ule, mko vizuri. Ikiwa ni 209, kuna tano hazikufika. Kazi hii ni kama mweka hazina anavyohesabu pesa za chama mbele ya watu kabla ya kufunga sanduku. Hatumshuku mtu, tunahesabu tu.

Kisha fungua picha zenyewe. Si lazima zote. Fungua za mwanzo, za katikati na za mwisho, na uzikuze zijae kioo. Tunasisitiza kuzikuza kwa sababu moja: ndani ya kila faili kuna kipicha kidogo kilichotengenezwa na kamera, na kompyuta inaweza kukuonyesha hicho katika orodha. Kipicha kinaweza kuwa kizuri kabisa wakati picha kubwa imekatika, nusu ni watu na nusu ni rangi ya kijivu. Kwa hivyo kuona orodha ya vipicha si kuona picha.

Mkimaliza, iambieni kompyuta mnataka kutoa kadi. Kuna neno "Eject". Libonyeze, usubiri ikuambie ni salama, ndipo uchomoe. Wengine husema hiyo ni desturi tu, wao wanachomoa kila siku na hakuna kitu. Ni kweli, mara nyingi hakuna kitu. Hata kuvuka barabara pale Daraja Mbili siku ya soko bila kuangalia, mara nyingi hakuna kitu.

NAKALA YA PILI IKAE KWA NYUMBA NYINGINE

Sasa picha ziko kwa kompyuta na pia kwa kadi, na kadi ndiyo mnataka kuitumia tena. Kwa hiyo nakili ile folda kwa flashi au, ikiwezekana, kwa diski ya nje inayochomekwa kwa waya. Diski hiyo ikae kwa nyumba tofauti na ile ya kompyuta. Kompyuta ikiwa kwa katibu, diski iwe kwa mweka hazina. Mkiweka zote kwa meza moja, mwizi mmoja anabeba zote kwa gunia moja, na radi moja inachoma zote. Wenye intaneti nzuri wanaweza kuongeza ya tatu: Google inatoa gigabaiti 15 bila malipo kwa kila akaunti, ingawa humo barua pepe zenu nazo zinahesabiwa. Anwani hiyo iwe ya kikundi, na neno la siri lijulikane na viongozi wawili, si kijana mmoja ambaye kesho atapata kazi Nairobi.

Ndani ya kila folda wekeni maandishi mafupi: ilikuwa siku gani, wapi, nani yuko kwa picha, nani alipiga. Leo mnawajua wote. Baada ya miaka kumi mtakuwa mkiulizana yule mama wa kitambaa cha kijani ni nani. Na tarehe ya kamera iwekwe sawa. Betri ikikaa nje muda mrefu kamera nyingine hurudi nyuma miaka mingi, na mfadhili akiona mradi wa 2024 wenye picha zinazosema 2010, atauliza maswali.

Ni baada ya hapo tu ndipo kadi inasafishwa. Isafisheni ndani ya kamera yenyewe, kwa neno "Format", badala ya kuisafishia kwa kompyuta. Kamera hupanga daftari lake jinsi inavyolipenda, na kadi iliyopangwa na kompyuta wakati mwingine huleta taabu.

HABARI ZA SAIBA

Wengi wetu hatuna kompyuta ya kikundi. Tunashuka Kisii mjini, Keroka, Nyamira au Ogembo, tunaingia saiba. Hakuna ubaya, lakini kompyuta inayoguswa na watu hamsini kwa siku ni kama kikombe cha kisima: kila mtu ameacha chake.

Virusi vinavyosumbua sana picha ni vile vinavyoficha folda. Unachomeka flashi yako, na badala ya folda unaona alama zenye kamshale kadogo, ukibonyeza hazifunguki au zinaeneza ugonjwa zaidi. Watu hulia hapo na kuisafisha flashi waanze upya. Tulieni. Mara nyingi picha bado zimo, zimefichwa tu. Mtu anayejua kompyuta anaweza kuiambia ionyeshe faili zilizofichwa, akazinakili, kisha akasafisha flashi. Msikubali neno "Format" kabla picha hazijatoka.

Neno hilo linatokea pia kwa njia nyingine. Unachomeka kadi, kompyuta inasema: diski hii inahitaji kusafishwa kabla ya kutumika, nisafishe? Maana yake ni kwamba kompyuta haikuelewa daftari. Ukisema ndiyo, inaandika daftari jipya tupu. Sema hapana. Toa kadi, jaribu kisomeo kingine au kompyuta nyingine, au irudishe kwa kamera uone kama inasoma. Mara nyingi shida ni kisomeo kichafu.

Jambo lingine la saiba ni heshima ya watu. Ukinakili picha kwa kompyuta ya saiba ili uzichape au uzitume, zinabaki pale. Futa ukimaliza, na ufute pia kwa lile debe la takataka la kompyuta, maana kufuta mara ya kwanza kunazipeleka debeni tu. Kama ni picha za watoto wa chekechea au yatima mnaowasaidia, hili ni jambo la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa habari zake, na kwa mtoto inataka mzazi au mlezi akubali. Tunashauri kila kikundi kiwe na ukurasa wa daftari ambapo wazazi wametia sahihi. Ulizeni kabla ya kupiga, si wakati wa kutuma.

IKIWA ZIMEFUTWA

Turudi kwa stoo. Ukifuta picha, karani anapiga mstari juu ya jina daftarini. Gunia halijatolewa. Linabaki pale pale mpaka mtu mwingine alete gunia lake na kuambiwa kona ile iko wazi. Kwa hiyo picha ikifutwa kwa bahati mbaya, au kadi ikisafishwa kabla ya wakati, kitu cha kwanza ni kuacha kuitumia. Usipige hata picha moja zaidi. Itoe kwa kamera, ifunge kile kidude cha ubavuni, iweke kwa bahasha uandike "usiguse".

Kuna programu ya bure inayoitwa PhotoRec. Kazi yake ni kuingia stooni bila kuangalia daftari, ikifungua kila kona na kutambua picha kwa umbo lake. Inarudisha nyingi, ingawa majina yake ya zamani yanakuwa yamepotea. Kioo chake ni cha maandishi matupu na kinatisha kidogo, basi tafuteni kijana aliyesomea kompyuta awasaidie. Mambo mawili mumwambie: picha zinazopatikana zihifadhiwe kwa kompyuta, zisirudishwe kwa kadi ile ile, na asilipwe kabla ya kuwaonyesha picha zimefunguka. Mtu anayedai pesa nyingi mapema kwa kazi ya programu ya bure, mwulizeni maswali.

Kadi iliyoanguka kwa maji nayo haijafa. Ikaushe kivulini siku mbili tatu, isiwekwe karibu na jiko, kisha ijaribiwe. Iliyovunjika katikati, hiyo sasa mambo yake ni mengine.

KADI ZA UONGO NA PICHA ZA WHATSAPP

Kuna kadi sokoni zimeandikwa gigabaiti 128 na bei yake ni ya kushangaza. Baadhi ni za uongo. Daftari limeandikwa stoo ina vyumba 128 na kumbe vipo 8. Vikijaa, kamera haijui. Inaendelea kupiga na kukuonyesha idadi, lakini picha mpya zinaanguka hewani au zinafunika za zamani. Mnagundua siku ya kuhamisha. Kadi mpya ijazeni kwanza kwa picha au video zisizo na maana hadi mwisho, zinakilini kwa kompyuta, mkague kama za mwisho zinafunguka. Kazi ya jioni moja. Kadi ya gigabaiti 16 iliyo ya kweli inabeba kama picha 3,000, na kikundi cha kijijini hakihitaji zaidi. Tena ni heri kuwa na kadi mbili za 16 kuliko moja ya 32, moja ikiharibika nusu ya kazi imebaki.

Kuhusu WhatsApp tutasema kidogo. Inafaa kwa kupeana habari, lakini haifai kuwa stoo. Ikituma picha inaipunguza ukubwa, na inaondoa habari za tarehe zilizokuwa ndani. Tangu mwaka 2023 kuna alama ya HD inayopunguza kidogo zaidi, lakini bado inapunguza. Kwa simu inapendeza. Ukiichapa kwa karatasi kubwa au kuiweka kwa ripoti, sura zinakuwa ukungu. Mkilazimika kuitumia, tuma picha kama hati, ile alama ya karatasi, ifike ilivyo.

Kwa sasa vikundi vyetu vinasajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na viongozi hubadilishwa kwa uchaguzi. Katika siku ya kukabidhiana, pamoja na muhuri, daftari la kumbukumbu na kitabu cha benki, wekeni pia mezani ile diski ya picha na kadi. Zifunguliwe mbele ya wanachama, zihesabiwe folda, na idadi iandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Katibu wa zamani atie sahihi ametoa, wa mpya atie sahihi amepokea.